Vyama Viwili, Maikrofoni Moja

Kabla hamjaniuliza: ndiyo, ni mimi niliyemtangaza marehemu mtu aliyekuwa amesimama buchani Kiboriloni akisubiri kupimiwa maini. Naanzia hapo kwa sababu mtaisikia kwa watu, na watu wa Moshi wakisimulia habari ya mtu huongeza chumvi mpaka mboga hailiki.

Kazi ya gari la matangazo nimeifanya tangu katikati ya miaka ya themanini hadi mwezi uliopita, nilipowakabidhi funguo nyinyi wawili, Frank na Neema. Siku hizi mnarekodi tangazo mara moja kwenye simu, mnachomeka flashi, gari linasema lenyewe huku mnatafuna mahindi ya kuchoma. Siwalaumu. Koo langu lingekuwa zima leo kama ningezaliwa na akili hiyo. Mambo ya malipo nayaruka, hayana ladha. Nitawaandikia yale ambayo hayamo kwenye daftari la oda.

Aliyenifundisha ni Mzee Shayo wa Majengo, mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Alikuwa na pikapu kuukuu, spika mbili za honi zilizofungwa kwa waya kwenye keria, amplifaya iliyopata moto kiasi cha kuchemshia chai, na betri ya akiba iliyokaa miguuni pangu ikinitoboa suruali kwa tindikali. Suruali zangu zote za ujana zilikuwa na matundu kwenye ugoko wa kulia. Wasichana walidhani ni umaskini. Ulikuwa umaskini pia, lakini matundu yalitoka kwenye betri.

Siku ya kwanza Mzee Shayo alinipa karatasi ya msiba akaniambia, "Jina la marehemu lisome mara tatu. Taja baba yake, taja kijiji, na kama unaujua mti ulio karibu na geti lake, utaje na mti." Mimi nikaona huyu mzee anapenda maneno. Nikasoma jina peke yake, mara moja, kwa madaha. Sasa huku kwetu ukisema Elia Mosha amefariki hujasema kitu, maana akina Elia Mosha wanatosha kujaza kanisa na wengine wakabaki nje. Tulipofika Kiboriloni mmoja wao alitoka buchani na karatasi ya nyama mkononi, akaingiza kichwa dirishani pangu taratibu kabisa.

"Kijana," akasema, "niamkie kwanza, halafu uniambie nazikwa saa ngapi."

Nikasema shikamoo. Akaitika marahaba. Kisha akaniuliza kama nimepanga na nani atalia, maana mke wake alikuwa safarini. Mzee Shayo hakunitetea hata kwa neno moja. Alitazama mbele, ameshika usukani, mabega yakimtikisika.

Miaka ile ya mwanzo kazi zilikuwa chache. Chanjo ya watoto, misiba, mnada wa ng'ombe, na mkutano wa Chama. Chama kilikuwa kimoja, hivyo hakikuhitaji jina. Ulisema "Chama" na kila mtu akatafuta pa kujificha, maana mkutano wa Chama ulianza saa nne na kuisha watu wakishasahau walichojia. Halafu milango ya biashara ikafunguliwa. Sabuni zikarudi madukani, mitumba ikaja kwa belo, mabanda ya video yakaota, na kila mwenye kitu cha kuuza akataka apigiwe kelele. Kahawa nayo, ambayo wakulima walizoea kuipeleka ushirika bila maneno, ikapata wanunuzi binafsi waliotaka tupande nayo mlimani tukiimba bei. Mzee Shayo aliishiwa sauti katika msimu huo. Akaniachia gari, yeye akabaki dukani Majengo akipokea matangazo kwa ishara na kunong'ona.

Kisha vikaja vyama vingi.

Wiki ya kwanza ya kampeni walikuja wateja wawili dukani ndani ya saa moja. Mmoja wa chama cha zamani, mwingine wa chama kipya. Walikaa benchi moja, kila mmoja ametazama ukuta wake. Walipoondoka nilimuuliza mzee tumchukue yupi. Akaninong'oneza, "Sisi ni mfereji, Deo. Mfereji ukitoka mlimani unapita kwa kila mtu. Umeshasikia mfereji unauliza shamba ni la nani?" Nami nikaona ni hekima kubwa. Baadaye ndipo nilipofikiria kwamba mfereji hauna mkwe.

Basi tukawa hivi: asubuhi chama cha zamani, alasiri chama kipya. Bendera nilizitunza chini ya kiti, moja kulia moja kushoto, na saa sita hivi nilisimamisha gari katikati ya kahawa ya mtu karibu na Himo nikabadilisha. Sauti ilikuwa ile ile, ila ya asubuhi niliivaa koti: nzito, taratibu, yenye "ndugu wananchi". Ya alasiri niliikimbiza kidogo. Nilijiona fundi kweli kweli. Mpaka siku moja sokoni Kwa Sadala, mama mmoja aliyekaa nyuma ya fungu la nyanya akanipungia nisimame.

"Mwanangu, asubuhi umepita ukatuambia tutulie," akasema. "Sasa hivi unatuambia tuamke. Hebu tuelewane. Tulale au tuamke?"

Soko lote likacheka. Nikamwambia aamke kwanza auze nyanya, mengine atayaona mbele. Akanipa mbili za bure, moja ya asubuhi na moja ya alasiri.

Sasa niwape kesi ngumu, ambayo Mzee Shayo aliniomba niisimulie kwa kila atakayeshika maikrofoni hii.

Nilikuwa nimemchumbia Aikande, karani wa mizani kwenye kituo cha kahawa Marangu. Tulijuana kwa ugomvi. Nilipaki spika mbele ya mizani yake, naye akatoka akaniambia kelele zangu zinapunguza uzito wa kahawa ya watu. Nikarudi kesho yake bila tangazo lolote. Mimi ni Mkatoliki wa Kibosho, yeye Mlutheri wa Marangu, na hilo tulilimaliza salama. Padri na mchungaji walielewana haraka kuliko tulivyotarajia. Kilichotushinda ni vyama.

Baba yake, Mzee Mtui, alikuwa mwenyekiti wa tawi wa chama cha zamani tangu enzi zile kilipokuwa cha pekee. Mjomba wake, Mzee Lyimo, ambaye ni kaka wa mama yake Aikande, alikuwa katibu wa tawi la chama kipya. Nyumba zao zilitazamana, korongo lenye mto likiwa katikati. Mzee Mtui alikuwa na bendera getini. Mzee Lyimo akasimamisha mlingoti mrefu zaidi. Mzee Mtui akaunga wake kwa mkaratusi. Mzee Lyimo akaunga wake mara mbili. Ilifika mahali bendera zote mbili zikawa juu sana hata huwezi kuona ni za nani, lakini wenyewe walizijua.

Haya yalikuwa mchezo hadi Jumapili moja kwenye mkutano wa chama kipya, Mzee Lyimo alipopanda jukwaani. Akasema kuna mtu hapa kijijini amekuwa mwenyekiti tangu mbuzi wake wa kwanza, na mbuzi ameshaona vitukuu, mwenyekiti hajawaonyesha watu hata choo cha shule. Watu wakaangua kicheko kilichovuka korongo. Alikuwa anasemea kwenye maikrofoni yangu. Niliiongeza sauti kidogo, Mungu anisamehe, nikidhani anazungumzia kata nyingine.

Mzee Mtui akaapa mbele ya watu kwamba hatakaa tena boma moja na shemeji yake, wala harusini wala msibani.

Sasa mnaelewa mkasa wangu. Jumamosi iliyofuata ndiyo ilikuwa siku ya watu wetu kupanda na mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenda kwa akina Aikande kutoa mahari. Mahari huku haikamiliki baba akiwa peke yake. Lazima mjomba awepo apokee mbuzi wake na atamke kwa kinywa chake kwamba ameridhia. Asipokuwepo, mmekwenda kutembea tu. Na mama yangu kule Kibosho alikuwa ameshapika ndizi zimeshachacha, ulezi umeshaota. Mbege ikiiva haingoji kampeni ziishe. Siku mbili tu imekuwa kali, watu wanakunja uso, na ukoo wenye mbege iliyolala hupewa jina ambalo halifutiki.

Nilimwendea Mzee Mtui, nikapiga shikamoo mpaka magoti yakauma. Akasema, "Mwanangu, wewe sina neno nawe. Tafuta mjomba mwingine wa kupokea mbuzi." Nikamwendea Mzee Lyimo. Akasema yeye yuko tayari hata leo, aombwe radhi tu kwa mlingoti. Aikande akaniambia, na hakuwa akitania, "Deo, Jumamosi ikipita hivi hivi, baba hatarudi nyuma. Namjua. Nitazeekea kwenye mizani." Nikaona machozi yake. Usiku huo sikulala, na akili ya mtu asiyelala si ya kutegemewa.

Hapa wasiotoka mlimani lazima niwaeleze sale. Ni lile jani refu la kijani tunalopanda mipakani na kwenye makaburi ya wazee. Mtu akikukosea, kisha akakuletea jani la sale mkononi, humkatalii. Hata kama ameua ng'ombe wako. Unapokea, mnasameheana, basi.

Alhamisi mnunuzi mmoja wa kahawa alinikodi kupanda Marangu. Nikapita barabara ya juu, upande wa Mzee Mtui, sauti nimeipunguza isivuke korongo, nikatangaza bei ya kahawa, halafu kwa sauti ya koti nikaongeza: "Tangazo la ukoo. Leo saa tisa alasiri, Mzee Lyimo atafika nyumbani kwa shemeji yake Mzee Mtui, akiwa na sale." Nikashuka, nikavuka daraja, nikapita barabara ya chini upande wa Mzee Lyimo. Bei ya kahawa. Kisha: "Tangazo la ukoo. Leo saa tisa alasiri, Mzee Mtui atafika nyumbani kwa shemeji yake Mzee Lyimo, akiwa na sale."

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Kila mmoja akisikia mwenzake amejishusha, ataona aibu, atakata sale lake awahi kumlaki njiani. Watakutana darajani, watakumbatiana, mimi nitaoa. Niliteremka Himo, nikaagiza mtori, supu yetu ya ndizi na nyama, nikakaa kungoja habari njema.

Vijana wangu, mimi ni mtoto wa mlimani, nilipaswa kuwajua wazee wa kwetu. Mchagga akiambiwa mgeni anakuja kumwangukia, hatoki kumlaki. Anavaa koti, anapanga viti, anaita mashahidi.

Mzee Mtui alifagia uwanja, akaita tawi zima, akachinja beberu. Mzee Lyimo ng'ambo ya korongo akafanya vile vile, na beberu wake alikuwa mkubwa zaidi. Saa tisa ikafika. Saa kumi. Kila mmoja aliona moshi wa mwenzake ukipanda, akasema moyoni, anakula kwanza ndipo aje. Akina mama waliokuwa mtoni wakichota maji walikuwa wamesikia matangazo yote mawili, na hawakusema kitu, maana nyama ilikuwa inaiva pande zote.

Aliyefumbua ni mama yake Aikande. Alichoka kungoja, akafunga vipande vya nyama kwenye jani la mgomba, akavuka korongo kumuuliza kaka yake amekwama wapi. Akamkuta kaka yake amevaa koti, amekaa kwenye kiti cha mikono, anamuuliza yeye mume wake amekwama wapi. Mama yule akauweka chini mzigo wa nyama. Kisha akasema neno moja: "Gari."

Sikuwa nimemaliza bakuli langu la tatu la mtori pikapu ya jirani yao iliposimama nje pale Himo. Wakateremka watu watatu: mama mbele, na wazee wawili wenye makoti nyuma yake. Walikuwa wamepanda gari moja kwa mara ya kwanza tangu kampeni zianze, na walikuwa na hasira ya aina moja.

"Shikamooni," nikasema nikiinuka.

Hakuna aliyeitika. Ndipo nilipoogopa.

"Chama gani kimekutuma?" akauliza Mzee Mtui.

"Si chake," akasema Mzee Lyimo. "Wala si changu. Nimeshauliza."

"Hakuna chama, wazee wangu," nikasema. "Ni mbege ya mama yangu. Jumamosi imekaribia, nami nampenda Aikande. Nikakosa njia."

Wazee wakatazamana. Nilidhani watacheka. Lakini mama yake Aikande alinisogelea, akasema polepole, "Sauti yako ndiyo inayotuambia nani amekufa na anazikwa lini. Leo umeitumia kudanganya, tena kwa sale. Kesho ukitangaza msiba, nani atatoka nyumbani kwake?"

Nimetukanwa na wengi katika kazi hii. Nimemwagiwa maji ya vyombo Pasua, nimepigwa parachichi bovu Njoro. Hakuna kilichoniingia kama maneno yale. Nilitamani ardhi ya Himo inimeze na sufuria ya mtori juu yake.

"Sale halitangazwi," akaendelea mama yule. "Hubebwa. Kesho asubuhi utalikata kwa mkono wako, upande nalo kwa miguu kutoka hapa mpaka kwangu. Gari litabaki. Utaongea kwa mdomo uliozaliwa nao."

Ijumaa nikapanda. Kutoka Himo mpaka Marangu kwa gari nilikuwa nakuona kama kutoka sebuleni kwenda jikoni. Kwa miguu ni mlima, jamani. Na jambo ambalo sikulijua miaka yote hiyo: watu waliijua sauti yangu, sura hawakuijua. Wakatoka magetini kumtazama kijana mwembamba mwenye suruali ya matundu na jani mkononi. "Kumbe ndiye huyu?" "Nilidhani ni mnene." Mzee mmoja akaniomba niseme "ndugu wananchi" ahakikishe. Nikasema. Akaniambia pole, akaungana na msafara. Nilipofika daraja la mto nilikuwa na watu nyuma kuliko mikutano mingi niliyoitangaza, na walikuwemo wa vyama vyote.

Wazee walikuwa wamekaa uwanjani kwa Mzee Mtui, bega kwa bega. Si kwamba walikuwa wamepatana. Nilikuwa nimewakosea wote, na hakuna aliyekubali mwenzake apokee sale peke yake. Nikapiga magoti. Nikafungua mdomo. Sauti ikatoka ndogo, kavu, kama ya mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"Nimewadanganya wazee wangu. Nimelitumia sale vibaya. Nisameheni."

"Hatusikii," akasema mtu kwa nyuma. Ikabidi nirudie, na mara ya pili nililia.

Mzee Mtui akanyoosha mkono wa kulia akashika jani kwenye shina. Mzee Lyimo akanyoosha wa kushoto akashika kwenye ncha. Wakasema wamenisamehe, karibu kwa pamoja, kila mmoja akijitahidi kumaliza kwanza. Ingekuwa imeisha hapo. Lakini mama yake Aikande akasema, "Sasa mmeshika jani moja mbele ya watu. Anayeona hana cha kusamehewa na mwenzake, aliachie."

Mzee Mtui hakuliachia. Mzee Lyimo hakuliachia. Mkaidi akishika kitu mbele ya watu humwambii akiweke chini. Wakakaa hivyo, jani limenyooka katikati yao. Nyama ya jana ikapashwa, ikaletwa, kila mmoja akala kwa mkono mmoja kutoka sinia moja. Aikande alisimama mlangoni akiuma khanga asicheke.

Kisha ikaja mbege, katika kata ya kibuyu, imejaa mpaka mdomoni. Kata ya namna ile huinuliwa kwa mikono miwili, ukiijaribu kwa mmoja unajimwagia kifuani. Mzee Mtui akaitazama kata. Akautazama mkono wake wenye jani. Akamtazama shemeji yake.

"Shika huku," akasema.

Mzee Lyimo akashika upande wake. Wakainua pamoja, kwanza akanywa mmoja, wakaipeleka upande wa pili, akanywa mwenziwe. Mzee Mtui akajifuta mdomo kwa bega la koti, akanigeukia pale nilipokuwa bado nimepiga magoti.

"Kesho msichelewe," akasema. "Na hilo gari lako liache Himo."